Biskuti ya mbwa iwe ndogo

Mwenye mbwa na oveni namhimiza aoke. Biskuti ya nyumbani ina faida moja kubwa: unakijua kila kilichomo. Mwaka 2007, vyakula vingi vya paka na mbwa viliondolewa madukani Marekani na Kanada baada ya kugundulika kuwa gluteni ya ngano iliyotumika kuvitengeneza ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki. Wanyama waliharibika figo, na wengi walikufa. Anayekanda unga mwenyewe ameshaiondoa hofu ya namna hiyo kwenye kitafunwa.

Lakini biskuti nyingi ninazoziona zikiokwa kwa ajili ya mbwa ni kubwa mno. Zina umbo la mfupa, zinajaza kiganja, zimepakwa krimu juu, na unaona kabisa kwamba aliyezioka amejitahidi kwa upendo. Upendo huo siupingi hata kidogo. Naomba tu uende kwenye vipande vidogo, kwa sababu mwili wa mbwa ndio unaobeba mzigo wa ukubwa ule.

Madaktari wa wanyama hushauri kwamba vitafunwa vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya kalori anazohitaji mbwa. Zilizobaki zitoke kwenye mlo wake kamili. Mbwa mzima wa kilo 5, asiye na kazi ngumu, anahitaji kalori 370 hivi kwa siku. Sehemu yake ya vitafunwa ni kalori 37. Sasa chukua mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote: vikombe viwili vya unga wa oti, nusu kikombe cha boga lililochemshwa na kupondwa, mayai mawili, na vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga. Jumla yake inakaribia kalori 1,100. Ukikata biskuti 20, kila moja ina kalori 55, na moja tu imeshavuka kiwango cha siku nzima cha mbwa huyo. Ukikata vipande 150, vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kila kimoja kina kalori 7 hivi. Anapata vitano kwa siku, kwa nafasi tano tofauti, na hajazidishiwa chochote.

Wanaofunza mbwa wanalijua hili siku nyingi. Mbwa akiitwa akaja, akiambiwa akae akakaa, kinachomfurahisha ni kupewa, tena kupewa papo hapo. Kipande kidogo hakimfanyi aone amepunjwa. Anakimeza, anainua macho, yuko tayari kwa zoezi linalofuata. Biskuti kubwa inamkalisha chini aitafune, na somo linakatika.

Kuhusu mapambo, sukari na chumvi, mimi naviacha vyote. Mbwa ana vionjo vipatavyo 1,700 ulimini, nasi tuna kama 9,000. Utajiri wake uko puani, kwenye vipokezi vya harufu vinavyofikia mamilioni mamia. Siagi ya karanga ikipata moto inanukia vya kumtosha. Krimu ya rangi inapendeza machoni petu sisi, na kwake ni sukari na mafuta ambayo hakuyaomba. Mafuta mengi ya ghafla yanaweza hata kulifanya kongosho lake livimbe, ugonjwa wenye maumivu makali.

Wako wanaosema mbwa asipewe nafaka kabisa kwa kuwa babu yake ni mbwamwitu. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya AMY2B, inayosaidia kuyeyusha wanga, kuliko mbwamwitu. Ameishi nasi muda mrefu akila tunachokula. Oti iliyookwa haimdhuru, ila awe na mzio wake mahususi.

Kinachomdhuru ni vitu vingine, na hapa sina mzaha. Kibaya kuliko vyote jikoni kwa muokaji ni zailitoli (xylitol), kitamu kinachowekwa badala ya sukari kwenye bazoka zisizo na sukari, dawa za meno, na baadhi ya siagi za karanga. Kwa binadamu haina shida. Kwa mbwa inalifanya kongosho limwage insulini nyingi kwa mkupuo, na sukari ya damu inaanguka. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kuanzisha hatari hiyo. Kwa mbwa wetu wa kilo 5, hiyo ni nusu gramu tu. Dalili zaweza kuanza ndani ya nusu saa: anatapika, anayumba, anapata degedege, na kiasi kikubwa zaidi kinaua ini. Kwa hiyo soma lebo ya kopo kila unaponunua jipya, hata kama ni chapa uliyoizoea. Tafuta neno hilo, au alama E967, au maneno “birch sugar”, yaani sukari ya mti wa birch. Siagi nzuri kwa kazi hii ina karanga peke yake, bila hata chumvi.

Zabibu, mbichi kwa kavu, zinaweza kuangusha figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Chokoleti ina teobromini, kemikali inayomdhuru mbwa kwa kuwa mwili wake huiondoa polepole sana. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu seli nyekundu za damu, hata vikiwa vya unga. Tunda la makadamia nalo mwiko. Na usitumie hamira: donge bichi likiibwa mezani linaendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe humo humo. Biskuti ya mbwa haihitaji kuumuka.

Inachohitaji ni kukauka. James Spratt, Mmarekani aliyeanza kuuza biskuti za mbwa London katika karne ya 19, inasimuliwa kwamba alipata wazo baada ya kuona mbwa bandarini wakila mikate migumu ya mabaharia. Mikate ile ilivuka bahari bila kuoza kwa sababu ilikuwa mikavu kabisa. Ya kwetu haina dawa ya kuhifadhi, na boga limeleta maji mengi, kwa hiyo ikibaki laini ndani itaota ukungu upesi. Sukuma donge liwe jembamba, likate kwa kisu mistari ya wima na ya mlalo, uoke kwa nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 20 hadi 25, kisha zima oveni na uviache vipande humo hadi vipoe vyenyewe. Kinachovunjika kwa mlio kimekauka. Kinachopinda kirudishe.

Mbwa mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au historia ya ugonjwa wa kongosho, muulize daktari wake kabla ya kuwasha oveni. Wakati mwingine jibu litakuwa kipande cha karoti tu. Kwa wengine wote, toa za siku chache kwenye chupa yenye mfuniko, na zilizobaki ziweke friza.