Beki Mzuri Yuko Kwenye Timu Inayofungwa

Michezo ya shule za sekondari ya muhula wa kwanza ikifika, wasaka vipaji wa hoki huja huku kwetu Nyanza na Magharibi. Wanakuja siku ya fainali. Wanatafuta kivuli, wanatazama timu mbili zilizobaki, wanaandika majina ya waliofunga mabao, na wakati wa kuondoka mmoja anauliza, "Na mabeki je?" Anatajiwa wawili wa timu iliyochukua kombe, daftari linafungwa. Nimeuona utaratibu huu tangu enzi nilizokuwa nacheza beki mwenyewe, na ninaamini ndio unaotunyima mabeki.

Mshambuliaji hodari ataonekana akiwa kwenye timu bora, kwa sababu mipira inamfikia. Kwa beki mambo ni kinyume. Timu ikiwa na nguvu, viungo wanakata mipira katikati, washambuliaji wanabana wapinzani kwenye nusu yao, na beki anamaliza kipindi kizima akipiga pasi za pembeni ambazo hakuna anayezisumbua. Huyo utampa alama gani? Umemwona amesimama vizuri, basi. Lakini beki wa timu inayofungwa tatu bila amekabiliwa na washambuliaji wawili kwa mmoja, amekimbizwa, ametolewa nje ya nafasi na kurudi, amechoka akaulizwa swali gumu zaidi akiwa amechoka. Majibu yake yote uliyaona. Shida ni kwamba timu yake ilitolewa mapema, na siku ya fainali yeye yuko nyumbani anasaidia mama yake kupalilia.

Sisemi vibaya juu ya shule kubwa. Musingu, Kamusinga na St. Anthony's ya Kitale kwa wavulana, Sinyolo, Nyamira, Tigoi na Misikhu kwa wasichana, hizi zimeubeba mchezo huu upande wetu wa nchi. Bila shule za aina hiyo, hoki ya Kenya ingekuwa mchezo wa vilabu vichache vya mjini. Ila kila shule kubwa imezungukwa na shule ndogo za kutwa zenye magongo ya kugawana, na huko nako kuna watoto wanaojua kukaba.

Kuna mmoja ninayemfuatilia. Yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa si mbali na Kisumu, hoki aliikuta alipoingia kidato cha kwanza, na timu yao haijawahi kuvuka ngazi ya kaunti tangu nimjue. Jina lake silitaji, ni mtoto wa watu. Nataka nieleze tu ninachokitazama ninapomtazama.

Kwanza miguu. Beki asiyejua kazi akiona mshambuliaji anakuja humrukia, na akimrukia amekwisha, maana mpira unapitishwa pembeni yake naye bado anapiga hewa. Huyu binti anarudi nyuma. Anarudi kwa hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, gongo limelala karibu na ardhi, na anajiweka kidogo kushoto kwa mpira, ili njia pekee iliyo wazi iwe ya kwenda mkono wake wa kulia. Upande huo ndio wenye nguvu yake. Sheria ya hoki hairuhusu kuucheza mpira kwa mgongo wa gongo, ule upande wa mviringo, kwa hiyo mpira ulio kulia kwako unaucheza bila kuligeuza gongo, lakini wa kushoto lazima uligeuze kwanza. Mshambuliaji mwerevu anajua hivyo na hutaka kukupita kushoto kwako. Beki mwerevu humfungia kushoto na kumwonyesha kulia, kuelekea mstari wa pembeni, ambako uwanja unakwisha. Binti huyu anacheza beki wa kulia, na nimeona mawinga wakisukumwa hivyo hadi nje ya uwanja bila yeye kuugusa mpira hata mara moja. Kwenye karatasi ya takwimu hakuna pa kuandika jambo hilo.

Siku moja baada ya mazoezi nilimuuliza alijuaje kwamba yule winga mrefu angerudi ndani badala ya kuendelea na mstari. Akanijibu, "Alilegeza mkono wa chini, kochi. Akitaka kupiga anaukaza." Hakuna mtu aliyemfundisha hilo. Wakati anaongea alikuwa anajibandua udongo kwenye vifundo vya mkono wa kushoto, ngozi imechubuka juu ya makovu ya zamani. Beki anayelaza gongo chini kama inavyotakiwa, mkono wake wa kushoto, ule unaoshika juu ya mpini, ndio unaosugua ardhi. Nikienda kutazama vijana nisiowajua, naangalia vifundo hivyo kabla mechi haijaanza. Mwenye mkono safi nampa muda, lakini simwamini haraka.

Jambo la pili ni shingo. Hoki iliondoa sheria ya kuotea miaka ya 1990, kwa hiyo mshambuliaji anaruhusiwa kwenda kusimama karibu na kipa wako akasubiri pale mechi nzima. Beki anayeutazama mpira peke yake ataliwa. Huyu wangu hugeuza kichwa mara kwa mara mpira ukiwa mbali, anahesabu walio nyuma yake, anamvuta mwenzake kwa mkono. Kwa mkono, si kwa sauti, na hapo ndipo naanza kutaja upungufu wake.

Haongei. Beki wa nyuma anaona uwanja wote mbele yake, na asiposema anayoyaona, faida hiyo inabaki kichwani mwake tu. Nimemwona akitambua hatari mapema kuliko wenzake wote na kunyamaza, kisha akakimbia mwenyewe kuiziba. Amefaulu mara nyingi kwa sababu ana kasi. Kwenye ngazi ya juu kasi hiyo kila mtu anayo.

Upande wake wa kushoto ni mzito. Akizidiwa kushoto, analigeuza gongo kwa kuchelewa na mwili unatangulia, na mwamuzi akiwa karibu ni faulo. Faulo ya katikati ya uwanja haiumi. Ndani ya D, lile eneo la kupigia mabao lenye nusu kipenyo cha mita 14.63, faulo kwa kawaida ni shoti kona, yaani kona ya adhabu, na shoti kona ndiyo inayoamua mechi nyingi: watetezi watano tu wakiwemo na kipa, wenzao wote wamepelekwa mstari wa katikati, na washambuliaji wamepanga mstari nje ya D wakisubiri mpira usukumwe. Nampima beki kwa shoti kona anazozuia zisitokee kuliko ninavyompima kwa mipira anayopokonya. Mwaka huu binti huyu ametoa nyingi mno, na karibu zote zilitokea kushoto kwake.

Tena, akipata mpira anaupeleka kulia, kila wakati kulia, kando ya mstari. Timu za kwao zimeshamzoea. Kipa wao ananiambia anapenda hivyo kwa kuwa ni salama, na kwa umri wake ni salama kweli, lakini beki wa kisasa ndiye anayeanzisha mashambulizi, naye lazima ajifunze pasi ya kupasua katikati hata kama itamgharimu mabao mawili matatu ya mafunzo.

Pamoja na hayo, ukiniuliza kama ana mbele, nakujibu ndiyo bila kusita, na sababu yangu ni moja: anasahihishika. Kocha wake alimwonyesha namna ya kutoka mbio mpira wa shoti kona unaposukumwa, yule mkimbiaji wa kwanza anayemkabili mpigaji uso kwa uso akiwa amevaa kinyago, kwamba asikimbie kwenye mstari wa shuti bali kidogo pembeni yake, gongo likiziba upande mmoja na mwingine aachiwe kipa. Kazi hiyo wengi wazima wanaiogopa. Alifanya vibaya, akafanya vibaya tena, na wiki iliyofuata kwenye mechi alifanya kama alivyoambiwa. Kipaji kwangu ni hicho. Nguvu ya kupiga inaongezeka na umri na chakula.

Nataja nguvu ya kupiga kwa makusudi, maana ndiyo inayowapofusha wachaguzi wetu. Tangu Gonzalo Peillat, beki, aongoze kwa mabao kwenye Olimpiki ya Rio 2016, mabao 11, Argentina ikachukua dhahabu, kila mtu anataka beki mwenye dragi-fliki, ule mpigo wa kona wa kuuburuta mpira kwa gongo kisha kuurusha golini. Namwelewa anayeitaka. Peillat alikuja kuwa bingwa wa dunia na Ujerumani, aliyohamia baadaye, mwaka 2023, si mchezo. Lakini mtoto wa miaka kumi na sita anayeburuta mpira kwa nguvu hawezi kuchukua nafasi ya beki anayejua kukaba, na nimeona majaribio ya uchaguzi ambayo kijana aliitwa kwa mapigo manne mazuri ya kona, kisha hakuna aliyemtazama akiwa amekabiliana na mtu.

Nchi hii ilishawahi kujua thamani ya beki. Avtar Singh Sohal alikuwa beki. Alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, tatu za mwisho akiwa nahodha, na mechi zake 167 za kimataifa zilimwingiza kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Katika miaka hiyo Kenya ilimaliza ya sita Tokyo 1964, na mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa huko Barcelona, ikawa ya nne. Kisha dunia ikahama. Montreal 1976 ndiyo Olimpiki ya kwanza hoki kuchezewa kwenye nyasi bandia, na sisi hatukuwepo kwa sababu ya mgomo wa nchi za Afrika. Tangu hapo mpira umekuwa wa kasi nyingine.

Hilo linamgusa binti wangu moja kwa moja. Amelelewa kwenye nyasi za kawaida, zenye vichuguu na mashimo, ambako mpira hudunda bila taarifa. Uwanja wa namna hiyo umempa mikono laini na tabia ya kuweka mwili nyuma ya mpira. Akipelekwa City Park, uwanja wa nyasi bandia wa Nairobi, kwa majaribio, mpira utamjia kasi maradufu na bila kudunda, gongo lake litakuwa juu kwa sentimita chache, na asubuhi ya kwanza ataonekana hajui kitu. Wengi wa huku hurudishwa nyumbani baada ya asubuhi hiyo. Ningeomba wapewe wiki nzima, na uamuzi utokane na tofauti ya siku ya kwanza na ya mwisho.

Najua pesa hakuna. Kocha wa timu ya taifa ya vijana hawezi kuzunguka Vihiga, Bungoma na Siaya kutazama mechi za kaunti. Lakini simu zipo, na washambuliaji wapo. Waulizeni washambuliaji wa timu zilizofika fainali: ni beki gani mwaka huu hamkutaka kukutana naye tena? Hawatawatajia majina kwa urafiki. Nimefanya hivyo na mawinga wawili wa shule kubwa, kwa nyakati tofauti, na wote walimtaja msichana wa shule ambayo mmoja wao hata jina lake alikuwa hakumbuki.

Video nayo inasaidia, ila irekodiwe ipasavyo. Mwanafunzi aliyepewa simu huufuata mpira, na kazi ya beki hufanyika mahali ambapo mpira haujafika. Mpandisheni juu ya benchi nyuma ya goli la timu yenu, aishike simu bila kuizungusha, aache mpira uingie na kutoka kwenye picha. Dakika kumi za namna hiyo zinanitosha kumjua beki kuliko mabao yote ya msimu yaliyounganishwa na muziki.

Kwa leo, kama ningekuwa naandika kwenye daftari la mchaguzi, ningeandika hivi: beki wa kulia, aitwe kambini, afundishwe kukaba upande wa kushoto kila siku kabla ya jambo lingine lolote, na alazimishwe kupanga wenzake kwa sauti wakati wa shoti kona. Akifika kidato cha nne kushoto kwake kukiwa kumefunguka, ningemhamishia katikati. Asipoitwa, mwaka ujao timu yake itatolewa mapema tena, naye ataendelea kukaba mawinga wa shule kubwa kwenye mechi za kaunti ambazo hakuna mchaguzi anayezifikia.