Volti Mbili Zinanitoa Roho

Jirani yangu ana sabufa. Alikwenda kuinunua saa nne asubuhi, saa sita mchana nyumba tano hapa Tabata zilikuwa zinatetemeka, na vikombe vya kabatini kwangu vilianza kusogeleana kama vinataka kunong'onezana. Mimi nina mwezi wa tano natengeneza mashine yangu ya kusikilizia muziki kwa mikono yangu mwenyewe, na mpaka juzi ilikuwa haijatoa hata mlio wa mbu.

Mke wangu ana swali moja, analirudia kila nikiwasha pasi ya kulehemu.

"Baba Sara, kwani simu yako haiimbi?"

Inaimba. Ndiyo tatizo lenyewe. Inaimba kama kuku aliyebanwa na mlango, halafu watu wanatingisha vichwa wanasema muziki mtamu.

Nimemweleza mara nyingi tu. Muziki uliomo kwenye CD au kwenye simu si sauti, ni namba. CD ina namba 44,100 kwa kila sekunde moja, upande wa kushoto peke yake, na kulia nako vilevile. Lazima awepo mkalimani wa kuzigeuza namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, ndipo spika nayo ielewe. Mkalimani wangu ni aisii, kile kidude cheusi chenye saketi nzima ndani yake, ya Philips, TDA1541A, mzee wa miaka ya 1980 mwenye miguu 28. Niliichomoa kwenye deki ya CD iliyokufa ambayo niliikuta kwenye mitumba, chini ya pasi mbili na mashine ya kukaangia mkate. Muuzaji alidhani nanunua bati.

Ila aisii hii ina nyodo. Haitoi volti, inatoa mkondo. Miliampia 4, ikishakupa hizo imemaliza kazi yake, mengine utajua mwenyewe. Na amplifaya haijali miliampia, inataka volti mbili. Kwa hiyo pale kwenye kutokea inabidi uweke risista ya omu 1,500, yaani kizuizi cha kuugeuza mkondo kuwa volti, aisii nyingine ndogo ya kuisimamia, na kapasita kidogo, vile vidude vya kuchuja umeme. Miliampia 4 mara omu 1,500 ni volti 6 kutoka bondeni hadi kileleni, na ukipima kwa mita, ambayo haisomi kilele bali nguvu ya wastani, unakuta 2 na ushee. Hesabu ya fizikia ya sekondari. Vifaa vyote havijazi kiganja. Nikajiambia, Kariakoo ni Kariakoo, kitu gani kinakosekana Kariakoo?

Aisee.

Kariakoo utapata televisheni pana kuliko ukuta wako. Utapata taa zinazobadilika rangi mpaka mgeni aone kizunguzungu. Nilianzia Aggrey, nikaja Likoma, nikarudi Msimbazi, jua la saa saba linanichoma utosi, na kila duka nauliza swali lilelile.

"Kijana, una risista ya omu 1,500?"

"Ya TV inchi ngapi, mzee?"

Duka la tisa nikapata. Kijana akanitolea pakiti. Mia moja.

"Nataka mbili tu, mdogo wangu."

"Mbili?" Akamgeukia mwenzake. "Njoo umwone mzee anataka risista mbili." Wakanitazama kama mtu aliyeingia bucha akaomba nyama ya kunusa. Nikanunua mia moja, nifanyeje. Usiku nikazipima zote kwa mita, moja baada ya nyingine, maana zile zenye mstari wa dhahabu zinaruhusiwa kukosea asilimia 5 kwenda juu au chini, na mimi nataka kushoto na kulia zifanane, muziki usije ukalalia upande mmoja kama daladala ya Mbagala saa moja jioni. Nikapata mbili zilizogongana sawasawa, 1,493 na 1,493. Saa nane usiku nimeshika risista mbili nacheka peke yangu. Zile 98 zilizobaki mwanangu wa mwisho amezitungia shanga.

Ikaja zamu ya kapasita ya nanofaradi 2.2, ile inayokaa sambamba na risista kukata makelele yaliyo juu ya uwezo wa sikio. Hizi huandikwa 222. Maana yake 22, halafu weka sifuri mbili, pikofaradi 2,200, ndiyo nano 2.2 zilezile. Kijana wa duka jingine akanifungia kwenye karatasi, nikapanda gari, nikafika nyumbani, nikavaa miwani. 223. Hiyo ni 22,000, mara kumi zaidi! Ukiifunga hiyo, sauti zote kali zinaanza kukatwa kwenye kilohezi 5 hivi, na mwimbaji anasikika kama amefunikwa na blanketi na juu ya blanketi wamemwekea godoro. Nikarudi. Nauli kwenda na kurudi ni kubwa kuliko kapasita yenyewe.

"Mdogo wangu, ulinipa 223. Nilitaka 222."

Akaichukua, akaitazama, akanirudishia kwa upole kabisa. "Mzee, zimepishana moja tu."

Sikumjibu. Kuna maneno yakishasemwa, mtu mzima anatafuta tu mlango uko wapi.

Aisii ndogo nayo ina kisa chake. NE5532 ni kitu cha kawaida, miguu minane, ipo duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mikisa mingi ya studio na ya kanisani, zile mashine za kuchanganyia sauti, imejaa hizo. Nikapata nne kwa bei iliyonifurahisha, na nimejifunza kwamba Kariakoo bei ikikufurahisha ujue kuna kitu. Nyumbani nikachukua pamba, nikachovya kwenye chupa ya mke wangu ya kutolea rangi ya kucha, nikafuta. Maandishi ya kiwandani hayatoki kirahisi. Haya yalitoka yote, yakahamia kwenye pamba, ikabaki aisii nyeusi tii, haina jina wala ukoo. Nikafuta ya pili, ya tatu, ya nne. Chupa ikaisha. Nikawa na kesi mbili kwa mpigo, moja Kariakoo na moja chumbani.

Nikampelekea muuzaji ushahidi. Akaangalia zile aisii zisizo na jina, akaniangalia mimi.

"Sasa mzee, wewe unataka kusikiliza au kusoma?"

Kuna wanaonishauri niagize nje. Nimeshaagiza mara moja. Vitu vya dola 4, usafiri dola 28. Mzigo ulipofika, kijana wa kaunta ya posta aliumimina mezani, akaokota kipande kimoja kwa ncha za vidole na kuniuliza, "Mzee, hiki kinafanya nini?" Nikaanza kumweleza habari za namba 44,100. Foleni nyuma yangu ikaguna. Mama mmoja akasema mpeni tu huyo baba vitu vyake aende.

Aliyeniokoa ni fundi redio mmoja wa mtaa wa pili, mzee wa miaka sabini na kitu. Kibanda chake kimejaa redio zilizokufa mpaka yeye mwenyewe anaingia kwa ubavu. Mimi nina miaka 47 na ananiita mtoto. Nikampa shikamoo, nikamweleza shida yangu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akachomoa bodi ya mikisa iliyoungua upande mmoja, na juu yake zimepangana NE5532 halali sita, maandishi yake yamekolea kama muhuri wa mahakama. Kwenye bodi hiyohiyo kulikuwa na kapasita za 222 za plastiki. Hakutaka hela. Alichotaka nikae nimsikilize jinsi alivyotengeneza gramafoni ya bwana mmoja, na yule bwana hakurudi kuichukua, na gramafoni yenyewe ile pale. Nilikaa saa mbili na nusu. Kwa hesabu zangu bado ilikuwa rahisi kuliko posta.

Ikabaki kapasita moja kwa kila upande, ile ya mlangoni kabisa. Kazi yake ni uaskari. Muziki unaopanda na kushuka inaupisha, ule umeme uliotulia wa aina ya betri inauzuia, usije ukaingia kwenye amplifaya na kusukuma spika upande mmoja. Nilihitaji maikrofaradi 2.2. Na hapa ndipo ilipo dini ya watu wa mashine za muziki. Yupo anayetaka karatasi iliyolowekwa mafuta, mwingine anataka utando wa shaba, mwingine fedha, na kila mmoja anaapa kwamba ya mwenzake inaua sauti. Kuna kapasita moja inauzwa bei ya mbuzi. Siyo kwamba natania, mbuzi dume aliyenona, na unahitaji wawili. Mimi msimamo wangu ulikuwa wa kimaskini: iwe ya polipropilini, aina ya plastiki, nimalize.

Jumamosi nikarudi Kariakoo. Duka la feni na swichi, nimeingia kwa kukata tamaa tu.

"Kapasita ya maikrofaradi 2.2, polipropilini, haina chanya na hasi."

Kijana akaweka mezani kiboksi cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye nyaya mbili. "2.2 hakuna. Chukua 2.5."

"Hii si ya feni?"

"Ndiyo ya feni."

Nikacheka. Nikamwambia mdogo wangu, hapa tunazungumzia muziki, hatuzungumzii upepo. Nikamtajia karatasi na mafuta, nikamtajia utando wa shaba, nikamtajia na yule mbuzi. Akanisikiliza kwa heshima. Nikakigeuza kile kiboksi ili nimwonyeshe kwa nini hakifai, na ubavuni kimeandikwa CBB61, volti 450.

Nikanyamaza.

CBB61 ni polipropilini. Utando uleule ninaoutafuta tangu Machi. Haina chanya wala hasi. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti: maikrofaradi 2.5 kwenye amplifaya ya omu 10,000, inaanza kupunguza sauti nzito kwenye hezi 6 na kitu, na sikio la binadamu linaanzia 20. Miezi mitano nimezunguka, na kitu chenyewe kinaning'inia darini juu ya kitanda changu kila siku kinanipepea.

"Sasa wewe kijana," nikamwambia, kwa sababu mdomo wangu haujui kupumzika, "unajua hiki ni kitu cha thamani? Huko Ulaya watu wanalipa mapesa kwa kitu hikihiki!" Nikamlipa shilingi 3,000, nikaondoka kama mshindi.

Usiku nikaifunga. Nikawasha. Ndugu zangu, kulikuwa na gitaa, kulikuwa na mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba, kulikuwa na tumba nyuma kabisa ambayo sikuwahi kujua kama imo kwenye ule wimbo. Machozi yalinilenga. Ila vyote hivyo vilikuwa upande wa kushoto. Kulia kimya kama msibani. Nikakagua kila sehemu niliyolehemu, nikapima volti, nikageuza nyaya. Ilinichukua dakika arobaini kugundua kwamba masikio ni mawili na kapasita nimenunua moja.

Saa tano usiku. Maduka yamefungwa, kesho Jumapili. Nikainua macho juu.

Mke wangu alikuwa kwa dada yake. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikapanda kitandani, nikafungua kile kikofia cha feni, nikaigusisha miguu ya kapasita kwa bisibisi isije ikanirusha, nikaikata. Nia yangu ilikuwa Jumatatu asubuhi ninunue nyingine, niirudishe, asijue mtu.

Jumatatu nikafika dukani saa mbili. Zimepangwa mbele kabisa kwenye kioo, juu yake kuna karatasi ya kalamu ya wino mzito: KAPASITA ZA MUZIKI. 15,000.

"Mdogo wangu, juzi ilikuwa 3,000."

"Juzi ilikuwa ya feni, mzee."

Sikununua. Na sitanunua hapo, hata akishusha bei, na maduka mengine yote ya mstari ule bei imeshapanda, ni kama wana kikao. Kuna suala la heshima ya mtu. Kapasita iliyobaki ni hii ya chumbani, na hiyo iko kulia, inaimba, siigusi.

Feni isiyo na kapasita haifi kabisa. Ukiiwasha inanguruma tu, haijui ianzie wapi. Ukiisukuma kidogo inashika, inazunguka yenyewe mpaka asubuhi. Kwa hiyo kila usiku kabla ya kulala nasimama juu ya kitanda na mpini wa ufagio, nawasha, naipiga panga moja kofi, nashuka. Mke wangu nimemwambia ni umeme mdogo wa mtaani. Alinyamaza, akajifunika shuka.

Jana, taa imeshazimwa, muziki unapiga polepole sebuleni kushoto na kulia, nikasikia sauti gizani.

"Baba Sara."

"Naam."

"Umeisukuma kinyume. Upepo unaenda juu."