Amri za Sauti Zitungwe, Zisitafsiriwe

Inaudhi kuona orodha za amri za kuiongoza kompyuta kwa sauti zinazoitwa za Kiswahili, kumbe mtu amechukua menyu ya Kiingereza akaitafsiri neno kwa neno. Kufungua dirisha ni "fungua", kulifunga ni "funga". Kupandisha faili mtandaoni ni "pakia", kulishusha ni "pakua". Kwa macho maneno haya yako mbalimbali. Kwa sikio la mashine ni mapacha.

Chukueni hiyo "fungua". Kinachoitenga na "funga" ni u moja fupi, na mtu anayetoa amri mia kwa siku haitamki u hiyo kikamilifu. Inamtoka kama "fungwa". Amekusudia kufungua faili la pili, mashine inamfungia la kwanza kabla hajalihifadhi. Wala si jozi hiyo peke yake. Kiswahili hugeuza maana ya kitenzi kwa u: bandika na bandua, kunja na kunjua, vaa na vua. Ni utajiri wa lugha yetu, ila matokeo yake kwa kazi hii ni mabaya: amri zinazopingana ndizo zinazofanana zaidi. Aliyepanga amri za Kiingereza hakukutana na shida hii, kwa hiyo anayemtafsiri hatakutana nayo mpaka mtumiaji apoteze kazi yake.

Dawa ni kuchukua kila upande kwenye mzizi tofauti, kama tulivyozoea "washa" na "zima", ambazo hakuna anayezichanganya. "Fungua" ibaki, lakini kufunga dirisha kuwe "ondoa dirisha". "Pakua" ibaki, kupandisha kuwe "peleka faili". Na "futa" isikubaliwe kamwe ikiwa peke yake. Mtu anayeandika kwa imla akisema "futa machozi", anataka maneno hayo yaandikwe, hataki sentensi yake itoweke. Iwe "futa neno" au "futa mstari", itanguliwe na kimya cha kama nusu sekunde na kufuatwa na kingine, ili mashine ijue hapa tunaagiza, hatuandiki.

Namba nazo. Njia ya kawaida ya kubofya kwa sauti ni kuomba kila kiungo kwenye ukurasa kipewe namba, kisha kuitaja. Kwetu "sita" na "tisa" zina sauti zilezile nne zilizobadilishana nafasi, halafu zinazaa "sitini" na "tisini". Tena "tisini na sita" ni silabi sita, ndefu mno kwa kubofya mara moja. Bora kutaja tarakimu mojamoja, na programu iache kutumia 6 na 9 kabisa inapogawa namba. Namba zilizobaki zinatosha ukurasa wowote.

Pasipo na kiungo, kuna gridi ya miraba tisa: unataja mraba mmoja, nao unagawanywa tena katika tisa. Skrini ya 1920 kwa 1080 ukiigawa mara moja unabaki na mraba wa 640 kwa 360, mara ya pili 213 kwa 120, ya tatu 71 kwa 40, ya nne kama 24 kwa 13. Maneno manne na umefika kwenye kitufe kidogo kabisa. Hapa 6 na 9 hazikwepeki kwa kuziruka, basi miraba ipewe majina badala ya namba.

Kipaza sauti kiwe cha waya, vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, si mbele yake, maana pumzi ya p na b itakipiga. Baadhi ya vile vya Bluetooth vikianza kunasa sauti hushuka hadi sampuli (vipimo vya sauti) 8,000 kwa sekunde. Hapo kila kilicho juu ya 4,000 Hz kinakatwa, na ndiko s na f zinakotofautiana.

Nakubali, kibodi haitakufa. Ofisi ya watu kumi wanaoisemesha mashine haikaliki, na nywila haitajwi hadharani. Lakini kwa aliyepooza mikono, sauti ndiyo mlango pekee wa kazi, benki na masomo. Apple walitoa mfumo wao wa kuongoza kompyuta nzima kwa sauti mwaka 2019, Microsoft wakafuata na mfumo mpya wa kwao, na yote ilianza na Kiingereza. Mtu huyu asisubiri foleni ya lugha.

Wala hahitaji modeli kubwa. Whisper, modeli ya OpenAI ya mwaka 2022 inayogeuza sauti kuwa maandishi, inaandika Kiswahili, ila husikiliza kwa vipande vya sekunde 30, na kimya kikizidi hubuni maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Kwa amri sitini inatosha Kaldi, programu huria ya kutambua usemi, ikipewa sarufi finyu, yaani orodha ya amri zinazoruhusiwa, nayo haitoi neno nje ya orodha hiyo. Kamusi ya matamshi inayohitaji ni kazi nyepesi kwetu, kwa kuwa tunaandika karibu sawa na tunavyotamka. Ni kanuni chache tu za ng', ny, dh, gh na wenzao.

Kanuni hizo zisiandikwe kwa sikio la mji mmoja. Wako wasemaji wengi wasiotenga r na l, au dh na z. Amri mbili zisitofautiane kwa herufi hizo tu, na "rudi" iingie kwenye kamusi mara mbili: r-u-d-i, na l-u-d-i.