Boksi la spika litoke kwenye kalibu

Maduka mengi ya Ngamiani hupiga muziki kwa sabufa zilizotengenezwa hapa hapa Tanga. Boksi ni la MDF au chipubodi, limekatwa kwa msumeno, likaunganishwa kwa skrubu na gundi nyeupe, kisha likavikwa zulia jeusi. Mafundi wetu wanajua kazi yao na hizo ndizo mbao zinazopatikana. Hata hivyo, naamini kwa mji wa pwani boksi hilo ni chaguo baya, na kwamba fundi wa spika anayeanza leo ajifunze kumwaga faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu), kwenye kalibu, hata kama karakana yake ni baraza ya nyumbani.

MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Unyevu ukiingia kwenye kingo zilizokatwa, inavimba, skrubu zinalegea na boksi linaanza kuvuja hewa. Boksi lililofungwa likivuja, besi inapotea, hata spika iwe ya bei gani. Faiba tunaiona kila siku kwenye boti, imekaa majini miaka na miaka.

Halafu kuna umbo. Mwaka 1951 Harry Olson, mhandisi wa kampuni ya RCA huko Marekani, alichapisha vipimo vya spika alizozifunga ndani ya maumbo 12 tofauti, yakiwemo tufe, silinda, piramidi na mchemraba. Tufe ndilo lililotoa sauti iliyonyooka kuliko yote, yaani isiyopanda wala kushuka ovyo kutoka noti moja hadi nyingine, na mchemraba ulikuwa miongoni mwa yaliyoivuruga zaidi. Sababu yake si ngumu: sauti husafiri juu ya uso wa boksi, ikifika kwenye kona kali inatawanyika upya, na hiyo iliyochelewa inagongana na ile ya kwanza. Zaidi ya miaka 70 imepita na bado tunagonga maboksi ya kona nne, kwa kuwa msumeno haukati tufe. Kalibu inalitoa bila shida.

Kazi yenyewe huanza na mfano wa umbo unalotaka. Wengine huuchonga kwa povu jeupe la kufungashia vitu, lakini resini ya poliesta huliyeyusha povu hilo, kwa hiyo livike jipsamu kwanza. Piga filla, piga msasa mpaka uso ung'ae, kisha paka nta tabaka kadhaa. Hapa usiwe na haraka hata kidogo, maana kila mkwaruzo wa mfano utahamia kwenye kalibu, na kutoka kalibu utahamia kwenye kila boksi utakalozaa. Kalibu yenyewe hujengwa kwa faiba juu ya mfano huo. Iwe ya vipande viwili vyenye midomo ya kufungia bolti, na kuta zake zilalie nje kidogo ili kitu kitoke bila kung'ang'ania. Ukiipata, boksi la kulia na la kushoto yatakuwa pacha kamili.

Ndani ya kalibu hutangulia nta, kisha gelkoti (resini nzito inayokuwa uso wa nje), kisha mkeka wa faiba na resini, tabaka baada ya tabaka, huku ukikandamiza kwa rola mpaka viputo vyote vya hewa viishe. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1. Joto la Tanga liheshimiwe: mchana resini huganda upesi na mkebe unaweza kufuka moshi. Fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, na hadina, kemikali ya kugandisha resini, ibaki kati ya gramu 10 na 20 kwa kilo ya resini. Hadina hiyo inapofusha, basi miwani na glavu si hiari, na barakoa iwe ya kuzuia mvuke, si ya kitambaa. Kama resini inahitaji kobalti, yaani kichapuzi cha kuganda, ikoroge kwanza kwenye resini yenyewe. Kobalti na hadina zikikutana moja kwa moja, bila resini, zinaweza kulipuka.

Watu husema faiba inalia kama debe. Ganda jembamba na bapa linalia kweli. Dawa yake ni mpindo, unaokaza ganda bila kuongeza uzito, pamoja na ganda la pili ndani lenye kitu kizito au laini katikati. Na hapa ndipo nashangaa tunavyokaa kimya. Mkonge uliletwa mkoani kwetu na Richard Hindorf mwaka 1893, Bodi ya Mkonge ina makao yake hapa mjini, watafiti wa mkonge wako kituo cha Mlingano, na nyuzi zake tunazisafirisha nje. Nyuzi za mimea ni nyepesi kuliko za kioo na kwa kawaida humeza mtetemo vizuri zaidi. Zina udhaifu wa kunywa maji, kwa hiyo zikaushwe kabisa na ziwekwe tabaka za ndani, kioo kibaki nje. Nyuzi za kaboni zinazosifiwa sana waachieni wenye fedha. Boksi la spika halibebi mzigo wa bawa la ndege.

Mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, una masikio ya kutosha kudai boksi bora kuliko tulilonalo.

Kwa anayetaka kuanza, ningemshauri jozi ndogo ya spika za inchi 5. Kabla ya kuunganisha vipande, zungushia tundu la spika pete ya plaiwudi na uizamishe ndani ya resini, maana skrubu hazishiki kwenye faiba peke yake. Kisha ziba tundu, laza kila kipande mdomo ukiwa juu, kijaze maji kwa kopo la lita moja ukihesabu, na utoe nafasi itakayochukuliwa na sumaku ya spika. Linganisha jumla na lita zinazotakiwa na spika yako, kwa vipimo vya Thiele na Small, yaani namba zinazoeleza tabia ya spika, vilivyo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Zikizidi, ongeza tabaka ndani. Zikipungua, rudi kwenye mfano kabla hujamwaga boksi la pili.