Gome la Torote Halihitaji Kucha Zenu

Hizi picha za "kabla na baada" wanazotuonyesha wakuzaji wa miti ya chunguni zinaudhi. Kushoto, torote (Bursera microphylla), mti mdogo wa jangwani wenye shina nene, gome lake likining'inia vipande vyembamba kama karatasi. Kulia, mti uleule umeambuliwa mpaka shina linang'aa kijani, na mwenyewe anajisifu eti ameusafisha. Uchafu gani huo?

Tabaka la juu, lile la manjano iliyopauka, ni seli zilizokufa. Shina likinenepa, tabaka hilo haliwezi kutanuka nalo, hivyo linapasuka, linajikunja na kudondoka kwa wakati wake. Chini yake kuna tishu hai yenye klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Kwao, katika jangwa la Sonora, kutoka Arizona, Marekani, mpaka Baja California, Meksiko, mti huu hupukutisha majani ukame ukikaza, na hapo gome hilo la kijani ndilo huendelea kuutengenezea chakula. Sasa wewe unalivuta tabaka la juu kabla halijaachia. Unang'oa pamoja na tishu changa, na unachoacha nje hakijawahi kupigwa na jua kali. Sehemu hiyo inageuka kahawia, inakauka, na kubaki kovu kavu lisiloambuka vizuri tena. Ukizama zaidi, utomvu unachuruzika. Na kwa kuwa torote ni wa ukoo mmoja na ubani na manemane, utomvu wenyewe unanukia, basi mtu anavuta pumzi na kuona amefanya la maana. Ni kidonda hicho, ndugu yangu!

Haya, nitakubali kwa shingo upande: kipande kilichoachia pande zote na kubaki kimeshika kwa ncha moja, kikate kwa mkasi mdogo. Kikate, usikivute. Vumbi nalo litoe kwa brashi laini na maji, maana linazuia mwanga. Mafuta ya kung'arisha, vanishi, chokaa: hapana.

Anayetaka gome la kupendeza anenepeshe shina, gome litajiambua lenyewe. Mti uupe jua la kutwa. Ukitoka kivulini, uzoeshe polepole kwa wiki 2 au 3, na upande uliokuwa ukielekea jua uendelee kulielekea, la sivyo shina litaungua upande mmoja. Udongo uwe sehemu 2 au 3 za kokoto ndogo za milimita 3 hadi 6, kwa sehemu 1 ya mboji iliyochekechwa. Mchanga laini unaziba nafasi za hewa. Na ile desturi ya kutandika mawe chini ya chungu ili maji yatoke haraka haisaidii kitu. Maji yanasimama juu ya mawe, palepale mizizi ilipo. Tundu kubwa linatosha.

Wakati wa majani, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse mpaka udongo ukauke sentimita 5 kutoka juu. Majani yakianza kuwa manjano na kudondoka, punguza maji. Hapa ndipo wengi huua: wanadhani ni kiu, wanaongeza. Likamate shina kwa vidole. Likiwa na makunyanzi lakini gumu, lina kiu kweli. Likibonyea karibu na udongo na kutoa harufu ya uozo, mizizi inaoza, na maji ndiyo yameiozesha. Baridi ya kugandisha nayo huua matawi, kwa hiyo ingiza chungu ndani mapema.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi inaleta vichipukizi virefu, legelege. Weka nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kitako kinene cha shina kitafute kwenye mche wa mbegu, si kwenye tawi lililochomekwa. Ukitaka kionekane, kifukue kidogo kidogo, sentimita 1 hivi kila unapobadilisha chungu. Ukikifukua chote kwa mkupuo, ngozi ya mzizi isiyozoea jua itaungua.

Pogoa matawi wakati vichipukizi vipya vinapoanza kutoka. Paka mkasi mafuta ya kupikia kabla ya kukata, kwa sababu utomvu ukikaukia kwenye chuma, sabuni na maji haviutoi. Utahitaji spiriti na kitambaa usichokipenda.