Sabuni ya kujitengenezea kwa nguo za mtoto na nepi za kitambaa: akiba iko wapi?

Wazazi wengi wa Arusha na Moshi wanaofikiria kujitengenezea sabuni ya kufulia nguo za mtoto mchanga huanzia kwenye bei. Mama aliyechoka kununua pampasi hurudi kwenye nepi za kitambaa, kisha huona jinsi rundo la nepi za kila siku linavyomaliza sabuni, na wazo la kujitengenezea humjia hapo. Wanaomuunga mkono humwambia kwamba ataokoa fedha na kwamba atajua kilichomo ndani ya ndoo yake. Wanaompinga hujibu kwamba ngozi ya mtoto wa wiki tatu si mahali pa kufanyia majaribio. Tatizo ni kwamba pande zote mbili huzungumza kana kwamba sabuni ya nyumbani ni kitu kimoja, ilhali jina hilo hubeba mchanganyiko wa aina kadhaa, na kila aina ina hatari zake.

Upande unaounga mkono una hoja moja nzito, nayo ni manukato. Manukato ni miongoni mwa sababu kuu za mzio wa ngozi unaotokana na kugusana na bidhaa, na sabuni nyingi za unga madukani hunukia kwa makusudi. Anayejitengenezea anaweza kuyaacha kabisa.

Mchanganyiko rahisi zaidi ni mche wa sabuni uliokunwa, ukayeyushwa kwa maji ya moto na kuongezewa magadi. Huku kwetu magadi hayako mbali: yale yanayolainisha makande hutoka Ziwa Natron, na kiini chake ni kabonati na bikabonati ya sodiamu, ndugu wa soda ash inayouzwa kwa watengeneza sabuni. Yanasaidia kweli kuondoa mafuta, lakini magadi ghafi huja na udongo, kwa hiyo huyeyushwa na kuchujwa kwanza, na kiasi kikizidi ukali wake hubaki kwenye kitambaa. Maelekezo yanayotoka nje ya nchi huongeza boraksi, madini ya unga mweupe. Hiyo ningeiacha bila kusita, kwa sababu Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi, na mchanganyiko haupungukiwi na kitu cha maana ikikosekana.

Aina ya pili ni sabuni ya maji inayofundishwa kwenye mafunzo ya ujasiriamali: salfonik na sless (malighafi za kusafisha na kutoa povu), soda ash, chumvi, rangi, manukato na mara nyingi formalini ili isiharibike. Kemikali hizi si sumu kwa kuwa tu ni kemikali. Sless imo hata kwenye shampuu. Wasiwasi wangu uko kwenye vipimo. Salfonik ni asidi kali inayopaswa kuondolewa ukali kwa soda ash au kostiki, ambazo ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na anayepima kwa kikombe na macho hawezi kujua kama amefika katikati au amepitiliza, ingawa karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali, zingemwambia mara moja. Formalini nayo ni myeyusho wa fomaldehaidi, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, na pia huamsha mzio wa ngozi. Muuzaji anayetaka bidhaa ikae rafuni ana sababu ya kuitafuta kinga ya kuoza. Mama anayetengeneza kidogo na kuimaliza mapema hana.

Nepi ndizo zinazoupima mjadala huu vizuri kuliko blauzi na soksi. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu, madini ya kalisiamu na magnesiamu yaliyomo majini huigeuza kuwa utando mweupe usioyeyuka, na utando huo hushika nyuzi za pamba. Baada ya muda nepi huacha kunyonya, hunuka amonia mara tu mtoto anapokojoa, na mzazi huongeza sabuni akidhani nepi haikutakata, jambo linalozidisha utando. Kwa upande wa ngozi, mkojo unaokaa kwenye nepi huongeza ualkali, na ualkali huo huvipa nguvu vimeng'enya vya kinyesi vinavyochubua ngozi. Mabaki ya sabuni, ambayo yenyewe ina pH ya 9 hadi 10, huongeza mzigo uleule. Dawa yake ni maji mengi ya kusuuzia. Kwa anayenunua maji kwa ndoo, akiba iliyopatikana kwenye sabuni inaweza kuishia kwenye suuza ya tatu na ya nne, na sijaona watetezi wakiiweka gharama hiyo kwenye hesabu yao. Siki kidogo katika suuza ya mwisho hupunguza ualkali, mradi isikutane kamwe na jiki, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Kwa hiyo ningegawanya uamuzi. Nguo za mtoto na mablanketi yake yanaweza kufuliwa kwa mche uliokunwa, bila manukato, pale ambapo maji hutoa povu kwa urahisi. Kwa nepi, sabuni ya unga isiyo na harufu, kwa kiasi kidogo, ina nafasi bora, kwa kuwa imeundwa isigande kwenye maji magumu. Anayeshikilia ya nyumbani na apime: aloweke nepi iliyokwisha kufuliwa kwenye maji safi ya vuguvugu na kuifikicha. Povu likitoka, sabuni imebaki.

Inashangaza, hata hivyo, kwamba ubishi wote huu huishia kwenye sabuni wakati blanketi la mtoto limetoka kwenye sanduku lenye vidonge vya naftalini vya kufukuza nondo. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika maeneo ya malaria, na kumletea manjano kali. Na sabuni ya maji ya nyumbani, hata iliyopimwa vizuri, huwekwa mara nyingi kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa, ambapo mtoto mkubwa wa nyumba anaweza kuiona na kuinywa. Chupa hiyo ibadilishwe, iandikwe, na iwekwe juu.