Unyevu wa pwani na namba iliyotoka London

Kila mjadala wa kurudishiwa au kuazimwa mali za kale unapoibuka, hoja ya kwamba makumbusho ya Afrika Mashariki hayana uwezo wa kuzitunza huishia kwenye swali moja: je, yana viyoyozi vinavyofanya kazi usiku na mchana? Anayejibu hapana huhesabiwa kuwa ameshindwa mtihani. Naona swali lenyewe limeulizwa vibaya, ingawa wanaoliuliza wana sababu zao, na si haki kuzipuuza.

Wakati wa masika, unyevu hewani katika Unguja, Mombasa na Lamu hupita asilimia 80 kwa urahisi, ilhali kuvu huweza kuota kwenye karatasi, ngozi na nguo pindi unyevu unapokaa juu ya asilimia 70 kwa siku kadhaa. Chuma kilichoingiwa na chumvi ya bahari huendelea kuliwa na kutu hata baada ya kusafishwa. Filamu za zamani za asetati, aina ya plastiki, huoza zenyewe na kutoa harufu ya siki, na joto huzidisha kasi hiyo. Feni na dirisha lililo wazi haviwezi kuziokoa. Mhifadhi anayetaka mashine kwa ajili ya vitu vya aina hii hafuati mtindo wa kizungu, bali anasema kweli.

Tatizo linaanza pale mahitaji ya filamu yanapogeuzwa kuwa sheria ya jengo zima, na sheria hiyo inapopewa namba: unyevu wa asilimia 50 au 55, usiopanda wala kushuka zaidi ya 5, mwaka mzima. Namba hii ina historia, na wanaoitaja kama amri hawaielezi historia hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, picha za National Gallery, jumba la sanaa la London, zilihamishiwa katika machimbo ya mawe ya Manod huko Wales ili ziepushwe na mabomu. Ndani ya mlima ule hali ya hewa ilikuwa karibu haibadiliki, na mafundi wakaona rangi zilizokuwa zikibanduka London zimetulia. Picha ziliporudi mjini baada ya vita, kubanduka kukaanza tena. Somo lilikuwa sahihi, kwamba mabadiliko ya ghafla ni adui. Lakini lilitokana na picha zilizochorwa juu ya mbao, katika nchi ambayo majengo hupashwa joto kila majira ya baridi na hewa ya ndani ikakauka kupita kiasi. Si hali ya Lamu.

Hata hiyo 5 haina mizizi mirefu kama inavyodhaniwa. Garry Thomson, mwanasayansi wa National Gallery ambaye mapendekezo yake ya mwaka 1978 ndiyo yaliyoieneza duniani, alikiri waziwazi kwamba kiwango hicho kilitegemea zaidi uwezo wa mitambo kuliko ujuzi wa kina wa madhara ya mabadiliko madogo kwa vitu vyenyewe. Maana yake ni kwamba uwezo wa mashine uligeuka kuwa hitaji la kitu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, walipopima nguvu za mbao, gundi na rangi, waligundua kwamba vitu vingi huvumilia mabadiliko makubwa zaidi bila kudhurika. Naye Stefan Michalski, mwanasayansi wa uhifadhi wa Kanada, akaeleza jambo ambalo fundi yeyote wa milango angelikubali: mbao iliyokwisha kupitia misimu mingi, kama ilikuwa ya kupasuka, imeshapasuka, na haitapasuka zaidi mpaka ipate hali kali kuliko zote ilizowahi kuzipata. Kundi la Bizot, linalowakutanisha wakuu wa makumbusho makubwa duniani, sasa linakubali unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60, na joto la kati ya nyuzi 16 na 25, kwa vitu vingi. Ni nafuu, ingawa hata 60 bado ni ndoto kwa chumba cha wazi cha Mombasa mwezi Mei.

Kiti cha mpingo kilichokaa Pwani kwa miaka mia moja kimezoea hewa ya asilimia 75. Ukikiingiza ghafla katika chumba cha asilimia 50, maji yaliyomo kwenye mbao hutoka, mbao husinyaa kwa upana wake, na pembe iliyotiwa kama nakshi, ambayo haisinyai kwa kiasi kilekile, hufyatuka. Mbaya zaidi ni kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi wageni wanapoingia na kuzimwa saa kumi jioni ofisi zinapofungwa, au kinachozimika kila umeme unapokatika. Ngozi ya ngoma iliyo katika chumba hicho hukazika mchana na kulegea usiku, kila siku, mpaka ichanike kwenye misumari. Chumba kisicho na mashine, chenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita, kingebadilika polepole kwa majuma. Huu ndio upande ambao hausikilizwi vya kutosha: wanaotetea ukuta mnene, feni na ukaguzi wa kila wiki huonekana wanatetea umaskini, wakati kwa kweli wanatetea utulivu.

Tena hakuna namba moja inayofaa kila kitu. Shaba iliyoshikwa na kutu ya kijani inayoendelea kuila hutaka hewa kavu, chini ya asilimia 40 au karibu na hapo. Pembe ya ndovu, kama siwa maarufu ya Pate iliyoko katika makumbusho ya Lamu, haitaki ukavu huo hata kidogo. Ukiviweka katika ukumbi mmoja, kimoja lazima kiumie. Suluhisho la bei nafuu ni kabati la vioo linaloziba vizuri, lenye punje za silika, zinazofyonza na kutoa unyevu, chini ya sakafu yake, likipewa unyevu unaokifaa kile kilichomo.

Ukihesabu hasara kubwa zenyewe, kiyoyozi hakionekani kuwa mkombozi. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa makumbusho ya Zanzibar, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Lililoanguka ni jengo. Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, yenye vitu vipatavyo milioni 20, yaliungua tarehe 2 Septemba 2018, na uchunguzi wa polisi ulionesha moto ulianzia kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano.

Kwa hiyo ningekubali chumba kimoja cha baridi, kidogo, chenye jenereta yake, kwa ajili ya filamu na negatifu. Fedha zinazobaki ziende kwanza kwenye paa na mifereji ya maji, kisha mapazia ya kuzuia jua, mitego ya gundi ya kunasa wadudu na mtu anayelipwa kuinua kila droo na kutafuta unga wa mbao zilizobunguliwa. Na makumbusho ya Ulaya yanayoazimisha vitu yaandike masharti ya unyevu kwa kabati, si kwa jengo. Mikataba yao wenyewe kwa wenyewe imeanza kukubali hivyo.